Kuacha ajira katikati ya umri ili uwe mwalimu binafsi wa muziki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafundisha piano na kinanda Dar es Salaam, watoto na watu wazima, wengi wao wakija nyumbani kwangu. Kabla ya hapo nilikuwa mhasibu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tangu nibadilishe kazi, wanaonitafuta zaidi si wazazi wenye watoto, ni watu wa rika langu: watu wa benki, walimu wa sekondari, manesi, karibu wote wapiga vinanda wa kanisani au wapiga gitaa wa jioni, na wanauliza mambo yale yale. Nimeyaweka hapa pamoja. Majibu yamekaa kibongo. Aliyeko Mombasa au Nairobi atabadilisha majina ya ofisi, lakini hesabu za saa hazitatofautiana sana.

Nina miaka 46. Sijachelewa?

Kama unataka kuzunguka dunia ukipiga piano majukwaani, umechelewa. Kufundisha ni jambo jingine. Mzazi anayekuachia mtoto wake wa miaka saba anafurahi kukuta mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, anayefika kwa wakati, anayeandika mambo kwenye daftari na asiyebabaika mzazi akija juu. Hayo umeyapata kazini kwako, na kijana aliyemaliza chuo juzi, hata kama vidole vyake ni vyepesi kuliko vyako, bado hana.

Aliyejifunza ukubwani pia anakumbuka ugumu ulikuwa wapi. Shinichi Suzuki, Mjapani ambaye njia yake ya kufundisha violin imeenea dunia nzima, alianza violin akiwa na miaka 17, umri ambao walimu wengi wa ala hiyo wangemwambia muda umempita.

Jambo moja ambalo watu hawaliulizi: macho. Kuanzia miaka ya arobaini wengi wetu tunavaa miwani ya kusomea, na miwani hiyo hupimwa kwa umbali wa kitabu kilichoshikwa mkononi, kama sentimita 40. Kitabu kilicho juu ya piano kiko mbali zaidi, sentimita 60 hadi 70. Ukivaa ile ya kawaida, nota zina ukungu; ukivaa yenye lenzi mbili, unainua kidevu siku nzima, na jioni shingo inauma. Pima umbali kutoka jichoni hadi kwenye kitabu ukiwa umekaa unavyokaa ukipiga, uandike, umpelekee mtaalamu wa macho akutengenezee miwani ya umbali huo.

Lazima niwe na cheti?

Kumfundisha mtoto wa jirani piano sebuleni, hapana. Ukitaka kufungua chuo kinachotoa vyeti, hapo unaingia kwenye mambo ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na usajili, na hilo silo tunalozungumza hapa.

Swali lenye maana zaidi ni: unajua kiasi gani? Kipimo changu ni kwamba uwe unapiga kwa kiwango cha gredi 6 au zaidi (gredi za mitihani ya ABRSM, 1 hadi 8, nitakazozieleza chini), nadharia uijue hadi gredi 5, na uweze kumpigia kinanda mtu anayeimba bila wewe kusoma nota kwenye karatasi. Mwenye cheti asiyeweza hilo la mwisho atapata shida hapa kwetu, kwa sababu mwanafunzi wake wa nne au wa tano atakuwa ametumwa na kwaya.

Wanaotaka kusoma kwa utaratibu wana pa kwenda. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, inafundisha muziki pamoja na sanaa nyingine. Chuo Kikuu cha Makumira, nje kidogo ya mji wa Arusha, wana shahada ya muziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara ya sanaa bunifu. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanza 2002. Kenya wana Conservatoire yao Nairobi tangu 1944. Ila mtu mwenye ada za watoto mkononi mara nyingi hawezi kukaa darasani miaka mitatu. Kwake, ushauri wangu ni kumtafuta mwalimu anayemzidi na kumlipa somo moja kwa wiki. Mwalimu wa muziki ambaye hana mwalimu wake humwoni akisonga mbele.

Nimekulia kwaya. Najua solfa, nota za mistari mitano zinanitoa jasho. Nina nafasi?

Unayo, na solfa yako ni mtaji. Wengi wanakuja kwangu wakiinong'ona kama aibu: "Mwalimu, mimi ni mtu wa do-re-mi tu." Mfumo tunaoutumia kwenye kwaya ulitengenezwa Uingereza na John Curwen miaka ya 1840, akijengea juu ya kazi ya mama mmoja mwalimu, Sarah Glover. Wamisionari wakauleta. Baadaye Zoltán Kodály wa Hungaria alipojenga elimu ya muziki ya shule za kwao, alichukua do inayohama (do inayowekwa popote wimbo unapoanzia) na ishara za mikono kutoka mfumo huo huo. Kwa hiyo unachokiona cha kijijini, kuna nchi za Ulaya wameifanya msingi wa elimu ya muziki ya watoto.

Mtu wa solfa akiambiwa "shusha kidogo, sauti ya kwanza wanaumia," anahamisha do na safari inaendelea. Wapo waliosoma piano miaka mingi ambao hilo hawaliwezi. Unachokosa ni kuona: jicho lako halijazoea kwamba nota fulani kwenye mstari fulani ni kitufe fulani, wimbo uwe wa ufunguo wowote. Dawa yake ni ya kuchosha lakini haina siri. Chukua nyimbo za kitabu cha kanisani unazozijua sauti zote nne, uzinakili mwenyewe kwa penseli kutoka solfa kwenda mistari mitano, kwanza katika ufunguo wa C, kisha F, kisha G. Sauti ya nne na ya tatu kwenye mistari ya chini, ya pili na ya kwanza juu. Kwa kuwa sikio linajua wimbo tayari, jicho linajifunza bila woga. Usianze kufundisha nota kabla hujaweza kufungua kitabu cha mwanafunzi na kupiga ukurasa wowote papo hapo. Watoto wanajua mara moja mwalimu anapobahatisha.

Nitapata shilingi ngapi?

Watu wengi hupiga hesabu hii kwa furaha kisha wanaishia katikati. Tuimalize.

Wanafunzi wako wako shule asubuhi hadi alasiri. Saa zako za biashara ni kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku. Ukiweka somo la dakika 45 na robo saa ya kupumua, kuandika na kuagana na mzazi, ni masomo matatu kwa jioni. Siku tano ni 15. Jumamosi asubuhi unaongeza matano. Hayo ni 20 kwa wiki, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake ni mzigo uliojaa. Jumapili huenda kanisa linakuhitaji, bure.

Tuseme unatoza 25,000 kwa somo. Namba hiyo ni ya kupigia hesabu tu. Bei ya Masaki si ya Mbagala, na ya Dodoma ni nyingine. Masomo 20 ni 500,000 kwa wiki. Hapo ndipo mtu huzidisha kwa wiki 52, akaona milioni 26, akaandika barua ya kuacha kazi. Lakini Juni shule zimefungwa, Desemba zimefungwa, na watoto wako Moshi kwa bibi. Kuna Pasaka na Idi. Ramadhani masomo ya jioni yanahama, kwa sababu saa kumi na moja na nusu familia inajiandaa kufuturu. Ukiweza kuyasogeza mchana mwishoni mwa wiki, unayaokoa baadhi. Kuna malaria, mvua za masika, na mtihani wa darasa la saba. Ukipata wiki 36 kamili za kufundisha, umefanya vizuri. Wiki 36 kwa 500,000 ni milioni 18, sawa na milioni moja na nusu kwa mwezi, kabla ya kodi, vitabu, umeme, bima ya afya uliyozoea kukatiwa na mwajiri, na mchango wa pensheni ambao sasa ni wako peke yako.

Kwa mwingine hiyo ni nyongeza ya mshahara, kwa mwingine ni anguko. Muhimu ni ujue kwamba kipato hiki kina dari. Bidii haiongezi saa kati ya saa kumi na saa moja. Kinachoweza kusogeza dari ni vitu vichache: watu wazima wanaoweza kuja asubuhi, kituo cha watoto wadogo kinachokuhitaji saa nne asubuhi, shule ya kimataifa inayokulipa kwa siku, au darasa la pamoja la nadharia, watoto sita mezani kwa wakati mmoja.

Halafu toza kwa muhula, kabla ya somo la kwanza. Mwalimu anayelipwa somo kwa somo hapati kitu mvua ikinyesha. Andika makubaliano ya ukurasa mmoja: ada, namba ya kulipia, masomo mangapi, na kwamba anayeghairi chini ya saa 24 kabla ya somo hafidiwi. Mzazi asiyetaka kusaini ukurasa mmoja anakusaidia kumfahamu mapema.

Niache kazi lini?

Si leo. Anza na wanafunzi wanne watano, Jumamosi na jioni mbili, ukiwa bado na mshahara. Kaa nao mwaka mzima, uione Juni na Desemba kwa macho yako. Ukifika kumi wanaorudi muhula baada ya muhula, na akiba ya miezi sita ya matumizi ya nyumba, hapo zungumza na familia.

Soma na sheria. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa mkataba umesema zaidi. Kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi, ni cha aliyeachishwa na mwajiri. Ukiacha mwenyewe usikihesabu, wala fao la kukosa ajira. Dai likizo uliyolimbikiza na cheti chako cha utumishi. NSSF inapokea wachangiaji waliojiajiri, kwa hiyo kuacha ajira si sababu ya kuacha kuchangia. Na kama una miaka 53, nitakuudhi: vumilia. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55. Miaka miwili ya kufundisha Jumamosi itakuacha mwalimu bora na pensheni yako ikiwa salama.

Ninunue kinanda gani?

Kwa piano, cha umeme chenye vitufe 88 vizito, vinavyorudisha uzito kidoleni kama piano halisi. Vile vya vitufe 61 vyepesi vinafaa kanisani na kwenye sherehe, lakini mtoto aliyejifunzia hapo akikutana na piano yenyewe kwenye mtihani vidole vyake vinagoma.

Piano ya mbao inavutia, na kila mwaka kuna mzungu anayehama na kuuza yake kwa bei ya kukushawishi. Fungua kifuniko kwanza. Hewa ya pwani inavimbisha mbao na kuzipiga nyuzi kutu, na mafundi wa kutyuni wanahesabika. Arusha au Iringa, kwenye hewa kavu kidogo, ningeweza kuifikiria. Dar, mita mia tatu kutoka baharini, sifikirii kabisa.

Nunua na kifaa cha kuhifadhi umeme. Kukatika kwa umeme saa kumi na moja jioni hakumuhusu mzazi aliyekaa kwenye foleni kumleta mtoto.

Niwafuate kwao au waje kwangu?

Waje kwako, kama unaweza. Mbezi Beach hadi Masaki jioni ya Ijumaa ni somo zima limepotea barabarani. Ukimfuata mwanafunzi, bei iwe juu na awe wa kwanza au wa mwisho wa siku, si wa katikati.

Waje kwako, lakini si chumbani. Sebuleni, mlango wazi, mahali ambapo dada wa nyumbani au mke wako anapita kuchukua glasi. Mzazi akitaka kukaa, akae. Usimguse mtoto mkono bila kumwambia. Mara nyingi kuonyesha kwa mkono wako mwenyewe kunatosha. Ujumbe wa simu unakwenda kwa mzazi, si kwa mtoto. Hili halina mjadala, na ukiliandika kwenye yale makubaliano utaona wazazi wanavyotulia.

Wanafunzi wanatoka wapi?

Kanisani, msikitini kwa wale wa udi na kanuni, zile ala za nyuzi za taarab, waliokulia kaswida, kundi la WhatsApp la wazazi wa shule, na tafrija. Tafrija ndiyo tangazo kuu. Mara mbili kwa mwaka waalike wazazi sebuleni, kila mtoto apige wimbo mmoja mfupi anaoumudu vizuri, kuwe na sambusa na juisi ya ukwaju. Shangazi aliyekuja kutazama ndiye atakayekuletea wawili.

Somo linaendaje hasa? Mimi najua kupiga, sijui kufundisha.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ni afadhali umeiona mapema. Mwanafunzi yuko nawe dakika 45, kisha anakaa na kinanda siku sita bila wewe. Ukiwa na kipaji cha kupiga lakini hujui la kufanya na zile siku sita, wazazi watasema "anapiga vizuri sana" na mtoto ataacha baada ya muhula mmoja.

Mtoto anaingia, anakaa. Simuulizi kama amefanya mazoezi, kwa sababu atadanganya na mimi nitakuwa nimemfundisha kudanganya. Namwambia: "Nionyeshe palipokushinda." Anaanza mwanzo wa wimbo, kama kawaida yao. Namsimamisha. "Palipokushinda." Anaonyesha kwa kidole: mstari wa pili, kidole gumba kinapopita chini ya cha tatu. Naweka alama ya penseli hapo, nafunika kurasa nyingine kwa karatasi nyeupe, tunabaki na nota tano. Mkono mmoja, taratibu, bila metronomu, yaani kifaa cha kuhesabia mapigo. Kiwiko kinakimbia mwilini; namwonyesha changu kikifanya hivyo hivyo na anacheka. Mara ya nne zinatoka. Sisifii bado. "Tena." Zinatoka tena. Ndipo tunaunganisha na nota mbili za kabla na mbili za baada.

Mwishoni namwandikia kwenye daftari, si "fanya mazoezi ya wimbo", bali: "Nota tano zenye alama, mara tatu, kabla ya chai, kila siku isipokuwa Jumapili." Mzazi asiyejua muziki kabisa anaweza kusimamia hilo.

Vipi kuhusu mitihani ya ABRSM?

Hii ni mitihani ya bodi ya muziki ya Uingereza. Wazazi wataiuliza, kwa hiyo ijue. Ni gredi 1 hadi 8. Mtihani wa vitendo wa kawaida una nyimbo tatu, skeli, kusoma nota ambazo hujawahi kuziona, na sehemu ya kusikia, jumla alama 150. Kufaulu ni 100, na alama za heshima zaidi zinaanzia 120 na 130. Kuvuka kwenda gredi 6 kunadai kwanza gredi 5 ya nadharia au mbadala wake, na wengi wanakwama hapo kwa sababu mwalimu alisahau kuwaambia. Tangu 2020 kuna pia mtihani wa kurekodi video, nyimbo nne bila skeli, unaowafaa walioko mikoani mbali na kituo cha mtihani.

Mimi nina maoni makali hapa. Mtoto anayefanya gredi moja kila mwaka anaweza kumaliza miaka minane akijua nyimbo ishirini na nne tu maishani mwake. Katikati ya gredi na gredi, mpe taarab, mpe rumba, mpe wimbo wa kwaya ya mama yake.

Watu wazima wanafundishika?

Sana, ila wanaaibika haraka. Mkurugenzi aliyezoea kuamrisha akikosea nota mbele yako anaona dunia imemwangukia. Mwite kwa cheo chake, mpe wimbo anaoupenda hata kama ni mgumu, umrahisishie mkono wa kushoto. Wengi wao wanalipa kwa wakati na wanaghairi kila mara. Ile saa 24 uliyoiandika itakuokoa.

Kodi je?

Chukua TIN, namba ya mlipakodi, ofisi za mamlaka ya mapato, TRA. Haiuzwi, na anayekuuzia mlangoni mpite. Weka daftari la mapato na risiti za vitabu na matengenezo, na uende ukaeleze unachofanya badala ya kusubiri waje. Mhasibu aliyemo ndani yangu anasema hivyo, na yuko sahihi.

Naruhusiwa kutoa kopi za vitabu?

Bach na Mozart wenyewe wako huru. Lakini chapa mpya ya kitabu chao ina mwenyewe, na vitabu vya mitihani vina wenyewe. Mwambie mzazi anunue kitabu. Kwenye mtihani hawaruhusu ukae na kopi isiyo halali.

Nyumbani wanasema nimechanganyikiwa. Niwaambie nini?

Usiwaambie, waonyeshe ile hesabu ya wiki 36, ikiwa na Juni na Desemba ndani yake. Mke wangu hakushawishika na mapenzi yangu ya muziki, aliyajua tangu uchumba. Alishawishika na ukurasa wenye safu mbili na jumla chini.

Zungumza pia kuhusu jioni. Saa ambazo wenzako wanakaa na watoto wao, wewe utakuwa na watoto wa watu. Panga mapema nani anasimamia masomo ya wako, na nani anapika Jumatano.

Naweza kuja kukaa nitazame unavyofundisha?

Ndiyo, Jumamosi asubuhi, kwa wanafunzi ambao wazazi wao wamekubali. Niandikie siku tatu kabla ili niwaulize. Kaa nyuma ya mtoto, si ubavuni, zima simu, na usimsahihishe hata kama mkono unakuwasha. Masomo mawili yanatosha kwa siku. Kati yake kuna chai.